McGuinness na Zizi la Fahali Wawili

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini tarehe 8 Mei, 2007, mjini Belfast, ulimwengu ulishuhudia fahali wawili wakiingia zizi moja kwa hiari yao. Mmoja alikuwa Mchungaji Ian Paisley, ambaye kwa muda wa miaka 40 alihubiri kwamba hapana mapatano baina ya wafuasi wake na wanajamhuri wa Ireland. Wa pili alikuwa Martin McGuinness, aliyepata kuwa kamanda wa jeshi la siri lililokusudia kuing'oa dola ile ile aliyokuwa akiitetea Paisley. Siku hiyo Paisley alishika cheo cha Waziri wa Kwanza wa Ireland ya Kaskazini, na McGuinness akawa Naibu wake.

Tumeona inafaa kuiangalia safari ya mtu huyu. Hatukusudii kumpamba, kwani wako waliofiwa ambao hawatamsamehe kamwe, na hiyo ni haki yao. Tunakusudia kupima jambo moja tu: ni kitu gani kinachoyafanya mapatano ya watu waliogawanyika yadumu, na ni kitu gani kinachoyavunja.

McGuinness alizaliwa mjini Derry tarehe 23 Mei, 1950. Mji huo ulikuwa na Wakatoliki wengi kuliko Waprotestanti, lakini mipaka ya kata zake ilichorwa kwa namna ambayo baraza la mji lilibaki mikononi mwa wachache. Baraza ndilo lililogawa nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyepiga kura ya baraza. Kijana huyo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akaajiriwa katika bucha. Mwezi wa Oktoba, 1968, watu walioandamana mjini humo kudai haki za raia walipigwa virungu na polisi. Haikuchukua muda mrefu McGuinness akajiunga na Jeshi la Jamhuri ya Ireland, IRA.

Tarehe 30 Januari, 1972, askari wa miavuli wa Uingereza waliwapiga risasi raia katika maandamano mjini Derry. Watu 13 walikufa siku hiyo, na mmoja akafa baadaye. Wakati huo McGuinness, kijana wa miaka 21, alikuwa kiongozi wa pili wa IRA mjini hapo. Ilipita miaka 38 kabla ya tume ya uchunguzi kutangaza, mwaka 2010, kwamba hapana hata mmoja kati ya waliouawa aliyekuwa tishio, na Waziri Mkuu wa Uingereza, David Cameron, akaomba radhi mbele ya Bunge. Tume hiyo hiyo ilisema pia kwamba yamkini McGuinness alikuwa na silaha siku ile, ingawa hakufanya jambo lolote la kuwahalalishia askari kufyatua risasi. Hivyo ndivyo ukweli ulivyo katika nchi iliyogawanyika: hauwi wa upande mmoja.

Wala IRA haikuwa na mikono safi. Mabomu yake yaliwaua wafanyakazi, wapita njia na watoto. Katika vita vile vya miaka 30 walikufa watu zaidi ya 3,500, na sehemu kubwa kuliko ya kundi jingine lolote iliuawa na wanajamhuri. McGuinness mwenyewe alifungwa katika Jamhuri ya Ireland mwaka 1973 baada ya kukamatwa karibu na gari lililokuwa na baruti. Alidai kwamba alijitoa katika IRA mwaka 1974. Wengi hawakuyaamini maneno hayo, na kwa maoni yetu walikuwa na sababu.

Hata hivyo, ni mtu huyo huyo aliyekuja kuwa msemaji mkuu wa chama cha Sinn Féin katika mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili, 1998. Mwezi uliofuata wananchi wa Ireland ya Kaskazini waliukubali mkataba huo kwa asilimia 71 ya kura. Mwaka 1999 akawa Waziri wa Elimu. Yeye aliyeacha shule mapema ndiye aliyetangaza kuufuta mtihani uliowachuja watoto wakiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 2005 IRA ilitangaza mwisho wa vita na kuziharibu silaha zake mbele ya mashahidi.

Kwa rai yetu, kipimo cha kiongozi katika jamii iliyogawanyika si maneno anayowaambia mahasimu wake. Hayo ni rahisi. Kipimo ni yale anayowaambia watu wake mwenyewe. Mwezi wa Machi, 2009, kundi lililojitenga na IRA lilipowaua askari wawili wa Uingereza, na jingine likamuua polisi siku mbili baadaye, McGuinness alisimama kando ya mkuu wa polisi akawaita wauaji hao wasaliti wa kisiwa cha Ireland. Mwaka 2012 alimpa mkono Malkia Elizabeth, ambaye jamaa yake, Lord Mountbatten, aliuawa na IRA mwaka 1979. Mwaka 2013 alikwenda Warrington, Uingereza, mji ambao bomu la IRA liliwaua watoto wawili mwaka 1993, kwa mwaliko wa baba wa mmoja wa watoto hao. Kila mara wako wenzake waliomwona kuwa ameuza damu ya mashujaa. Hakurudi nyuma.

Lakini hapa ndipo penye funzo chungu. Kuketi pamoja serikalini si dawa ya kila maradhi. Serikali ile ya pamoja ilianzisha mpango wa ruzuku kwa watumiao kuni badala ya mafuta kupashia joto majengo. Ruzuku ikazidi bei ya kuni zenyewe, wala haikuwekewa kikomo. Mtu akawa anapata faida zaidi kadiri anavyochoma zaidi. Hasara ilikadiriwa kufikia mamia ya milioni za pauni. Waziri wa Kwanza, Arlene Foster, ambaye wizara yake ya zamani ndiyo iliyoanzisha mpango huo, alikataa kukaa kando ili uchunguzi ufanywe. Tarehe 9 Januari, 2017, McGuinness, akiwa mgonjwa mahututi, alijiuzulu. Kwa kuwa sheria imevifanya vyeo hivyo viwili kuwa sawa, mmoja akiondoka na wa pili huanguka. Alifariki dunia tarehe 21 Machi mwaka huo. Bibi Foster alihudhuria mazishi, na waombolezaji wakampigia makofi. Lakini makofi hayakurudisha serikali: ilikaa chini hadi Januari, 2020, ikaanguka tena mwaka 2022, ikasimama Februari, 2024.

Sisi wa visiwa hivi tuna sababu ya kuyasikiliza haya. Mwaka 2010 Wazanzibari waliamua kwa kura ya maoni, kwa asilimia 66, kwamba vyama vilivyohasimiana viketi katika serikali moja. Baada ya uchaguzi uliofutwa mwaka 2015 na kurudiwa mwaka 2016, serikali iliendelea bila ya upande wa pili kwa miaka minne. Kule Belfast, mshirika akiondoka serikali husimama. Hapa petu, Makamu wa Kwanza wa Rais aliwekwa kuwa mshauri, na mshauri anaweza kukosekana kazi zikaendelea. Kila utaratibu una ila yake. Ule wa kwao huwapa wachache nguvu ya kuzuia kila kitu. Huu wa kwetu huwajaribu wengi kusahau ahadi. Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad alirudi katika serikali ya pamoja mwezi wa Desemba, 2020, akafariki Februari, 2021. Maridhiano yanayoegemea mabega ya mzee mmoja huzikwa pamoja naye.

Kwa hiyo twawaomba wenye dhamana wayazingatie mambo matatu. Kwanza, mapatano yaandikwe katika sheria na yatekelezwe katika ajira, ardhi na nyumba. Derry haikuwaka moto kwa sababu ya bendera peke yake, bali kwa sababu ya nyumba zilizogawiwa kwa upendeleo. Pili, fedha za umma zihesabiwe kwa ukali ule ule, awe mtuhumiwa wa chama hiki au kile. Tatu, waliofiwa wasifichwe ukweli. Miaka 38 ni mingi mno kwa mama kungojea kuambiwa kuwa mwanawe hakuwa na hatia.

Fahali wawili wanaweza kukaa zizi moja. Belfast imeonyesha hivyo. Lakini zizi lenyewe lazima lijengwe kwa nguzo imara, na nguzo hizo ni haki.