Butembo na Beni: ampli ya zamani isitupwe, wala isitengenezwe kwa kondansateri iliyokwisha kuchoka

Siku ya yenga asubuhi, katika makanisa mengi ya Butembo na Beni, sauti ya kwanza kusikika si ya kwaya. Ni mngurumo mzito unaotoka kwenye bafle kabla mtu yeyote hajashika mikro. Waamini wameuzoea. Wengine hufikiri bafle imepasuka, wengine husema ni umeme mbaya wa grupu. Lakini mara nyingi kosa liko ndani ya ampli, katika kipande chenye umbo la kopo dogo kinachoitwa kondansateri, ambacho kimemaliza umri wake.

Ndani ya kopo hilo mna karatasi nyembamba za alumini, zimekunjwa pamoja na karatasi ya kawaida iliyoloweshwa maji ya kemikali. Kazi yake ni kuweka akiba ya umeme na kuutuliza, kama pipa la nyumbani linavyotuliza bomba linalotoa maji leo na kukauka kesho. Maji yale ya kemikali hukauka polepole, na pipa linabaki na akiba kidogo. Umeme wa hertzi 50 ukiisha kunyooshwa huacha mapigo 100 kila sekunde. Pipa likiwa zima hayasikiki. Likikauka, ndiyo yale yanayonguruma kanisani.

Adui mkubwa wa kondansateri ni joto. Kanuni ya mafundi duniani kote inasema kila digrii 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 tu, lakini anayeshuka huvua koti njiani. Ampli iliyobanwa ukutani chini ya manjanja, mchana wa Beni, bila nafasi ya hewa, haiwezi kuzeeka sawa na dada yake iliyobaki kwenye baridi ya Butembo. Kwa hiyo anayenunua kondansateri ya kubadilisha asome vizuri: iliyoandikwa 105 °C ni bora kuliko ya 85 °C.

Sasa, nini hufanyika ampli ikianza kunguruma? Njia ya kwanza ni kuitupa. Nafasi yake inachukuliwa na mashine mpya, nyepesi, yenye taa za rangi, iliyosafiri kutoka Guangzhou au Dubai na kupita Kasindi. Ndani yake kila kitu kimebanwa kwenye kibao kimoja, na kikiungua hakuna pa kuingiza bisibisi. Ile ya zamani, iliyotengenezwa miaka ya 1970 au 1980, ina transfoma nzito, skrubu za kweli na vipande vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Imeundwa ili ifunguliwe. Kuiuza kwa bei ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya makopo mawili au manne yaliyokauka ni hasara isiyo na maana.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu inafanana na matengenezo. Fundi anang'oa kondansateri kwenye televisheni iliyokufa na kuibandika kwenye ampli. Kondansateri hiyo imekwisha kuishi maisha yake kwingine. Mngurumo unapotea wiki kadhaa, kisha unarudi, na fundi anaitwa mwizi. Lakini fundi si mwenye kosa peke yake. Mteja yuleyule aliyelipia bafle mpya bila kunung'unika hubishana nusu saa juu ya kipande ambacho bei yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana. Fundi aliyebanwa hivyo atatumia alicho nacho mezani.

Kuna pia kondansateri za uongo: kopo kubwa limeandikwa mikrofaradi 4.700, ukilifungua unakuta kopo dogo limefichwa ndani. Na si za sokoni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi duniani viliuziwa kondansateri zenye maji mabaya, na kompyuta zikafa kwa maelfu zikiwa bado changa. Kifaa cha kupimia hakidanganywi na maandishi. Fundi asiyekuwa nacho anabahatisha.

Kazi yenyewe haitaki miujiza. Umeme ukatwe, kisha akiba iliyobaki ndani ya kopo iondolewe kwa rezista, maana inaweza kumrusha mtu hata baada ya plagi kutolewa. Ule mstari wa pembeni mwa kopo unaonyesha upande wa hasi. Ukigeuzwa, kopo linapasuka. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe si pungufu. Mikrofaradi zisiongezwe ovyo kwa kufikiri kwamba kubwa ni bora: pipa kubwa mno hunyonya umeme kwa pupa wakati wa kuwasha, na diodi ndizo zinazolipa. Tena si lazima kubadilisha kila kitu. Vile vidogo vya kauri na vya plastiki mara nyingi hudumu, na fundi anayeving'oa vyote anaongeza makosa yake mwenyewe. Mwisho, ampli iwashwe mara ya kwanza kupitia ampuli ya zamani yenye uzi, iliyounganishwa kwenye njia ya umeme. Ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna kosa. Zima kabla moshi haujatoka. Ampuli ya LED haifanyi kazi hiyo, na zile za uzi zimekuwa adimu. Aliye na mbili azitunze kama mayai.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazee, leo simu na bafle ndogo ya bluetooth vinatosha. Kwa muziki wa chumbani, ndiyo. Havitoshi kwa kanisa lililojaa, kwa kilio chenye watu mpaka barabarani, wala kwa redio.

Na hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Meza ya sauti na mashine ya kurusha matangazo vina kondansateri zilezile. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2.200, wakaaji wengi wa Mangina, Beni, Katwa na Butembo walipata habari kwa redio. Tangu mauaji yalipoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014, redio ya mtaani ikinyamaza jioni, si kila mtu atafikiri kwamba ni kipande kimeungua. Wengine wataanza kuuliza nani ameingia.

Wafanyabiashara wa Butembo, ambao hawashindwi kuleta kontena zima, wanaweza kuongeza ndani yake katoni moja ya kondansateri halisi za Nichicon, Rubycon au Chemi-Con. Haichukui nafasi. FEC ingeweza kulisema hilo kwa wanachama wake. Shule za ufundi zenye sehemu ya elektroniki ziwafundishe wanafunzi kupima kabla ya kung'oa. Parokia na redio zisingoje mngurumo: mashine ikifika miaka 20, ifunguliwe na kupimwa.

Mteja naye adai arudishiwe mkononi makopo yaliyotolewa. Na fundi aandike kwa bik, ubavuni mwa kopo jipya, mwezi na mwaka alioliweka, ili atakayeifungua ampli hiyo baadaye asianze kwa kubahatisha.