TWATAKA HESABU YA VYUMA VYA MGONGO



Mwenzetu alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, akavunjika pingili ya mgongo. Alipasuliwa, akawekwa vyuma, na sasa atembea. Madaktari twawashukuru. Lakini hesabu ya hospitali ilikuwa na mstari mmoja tu: "Vyuma," na fedha nyingi kando yake. Vyuma gani? Vingapi? Hakujibiwa.

Sisi twasema hiyo si hesabu. Fundi akinunua misumari dukani hupewa risiti yenye idadi na bei. Kwa nini chuma cha mgongoni kisihesabiwe?

Nacho chahesabika. Kwa kawaida kila pingili inayofungwa hutiwa skrubu mbili, kushoto na kulia. Pingili mbili zikiunganishwa, ni skrubu nne na fito mbili za chuma. Picha ya eksrei huzionyesha zote. Hesabu ikisema nane na picha ikionyesha nne, labda iko sababu; lakini tuambiwe.

Sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia ya wanaoumia kazini yamtaka tajiri alipe matibabu yao. Asipoona orodha, hupata kisingizio cha kukawia, na deni humwandama mgonjwa.

Basi, ndugu, kabla ya kutia sahihi takeni orodha: jina la kila kifaa, idadi na bei yake. Picha zitunzeni. Mkinyimwa, leteni makaratasi ofisi ya chama. Mmoja hupuuzwa, wengi hawapuuzwi.