Sauti ya Bi Kidude na Mizani Yetu

Jioni moja barazani hapa Mangapwani, kijana mmoja alifungulia katika simu yake nyimbo za marehemu Bi Kidude, kutoka sahani iitwayo "Zanzibar" iliyotolewa na kampuni ya RetroAfric ya London mwishoni mwa miaka ya 1990. Bao likasimama, mabishano yakaanza.

Wako waliosema kwamba sauti ile inakwaruza, haina ulaini unaostahili taarabu, na kwamba magitaa ya Shikamoo Jazz yameivika kanzu isiyokuwa yake. Wako walioapa kwamba hiyo ndiyo sauti ya Unguja hasa. Mzee mmoja akanena la tatu, zito kuliko yote: bibi yule alikuwa somo wa unyago, na unyago ni chuo cha wanawake, kwa nini ngoma yake ipandishwe jukwaani mbele ya wanaume na wageni?

Wa kwanza wamekosea mizani. Taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905, imekua pamoja na udi, kanuni na fidla. Fatuma binti Baraka alilelewa na ngoma, na sauti yake ilizoea kushindana na vishindo vya msondo uwanjani. Sauti ya namna hiyo haipimwi kwa ulaini. Huko Marekani, John Lee Hooker alipotoa "The Healer" mwaka 1989, umri wake ulikwisha pita miaka sabini, na wapenzi wa blues waliuhesabu ukavu wa sauti yake kuwa ni sehemu ya utamu. Hata hivyo, wanaolalamikia magitaa wana hoja. Vyombo vikizidi, maneno humezwa; na wimbo wetu ni maneno kwanza.

Ama yule mzee, hofu yake ni ya haki na haifai kuchekwa. Lakini mapigo ya ngoma ni kitu kimoja, na mafunzo anayopewa mwari faraghani ni kitu kingine. Mpaka baina ya viwili hivyo wanaujua makungwi, nao ndio wenye haki ya kuuchora. Si kazi yetu sisi wanaume wa barazani, wala si kazi ya mfanya biashara wa sahani.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Siti binti Saad, mtoto wa wanyonge wa Fumba, alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri. Miaka sabini baadaye, sahani ya Bi Kidude nayo ikatolewa ughaibuni. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, Uingereza. Mwezi wa Aprili 2013 akatutoka. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi tulimtunza kwa kiasi gani kabla ya wageni kutuonyesha thamani yake?

Sisi makada tusijitoe katika lawama hii. Tu hodari wa kuviita vikundi vya ngoma vipambe mikutano yetu, kisha tukavirudisha vijijini kwa soda na nauli. Huko si kuenzi utamaduni, bali ni kuutumia.

Hapana budi, basi, kila shehia iwatambue wazee wake wa ngoma, maulidi ya homu na kidumbak. Sauti zao zirekodiwe hapa hapa, kwa ridhaa yao, na kwa mkataba wanaosomewa wakaufahamu, unaotaja malipo yao na ya warithi wao. Yasiyofaa kutoka nje, wenyewe waseme yasitoke.

Mabishano ya barazani yaendelee, kwani ni dalili ya uhai. Lakini tubishane juu ya sauti za wazee tulionao, nao wakiwapo kutusahihisha.