Teksi za angani: mbona wanaulizwa abiria peke yao?

Haya wadau, mjadala wa teksi za angani umeshabisha hodi kwetu, na kama kawaida yetu tumeanza kupiga makofi kabla ya kuuliza. Septemba 2025 pale Kigali kiliruka chombo cha viti viwili cha kampuni ya EHang ya China, kisichohitaji rubani ndani. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilisaini barua ya kusudio la kununua hadi teksi 40 za umeme za Eve, kampuni iliyozaliwa na Embraer ya Brazil. Sasa vijana wenzangu wanauliza: Bongo lini?

Mimi nauliza: nani kaulizwa?

Kila mara swali ni lile lile. Utapanda? Hutaogopa? Utalipa kiasi gani? Yaani anayetafutwa maoni ni mteja. Lakini teksi ya angani haimhusu mteja peke yake. Inamhusu zaidi mama anayeanika dagaa chini yake, mwanafunzi aliye darasani na mgonjwa aliyelala wodini. Mimi nakaa Nguvumali, uwanja wa ndege wa Tanga hauko mbali. Vindege vidogo vinavyotuunganisha na Pemba, Unguja na Dar nimevizoea, na sina ugomvi navyo. Ni vichache na vina njia yake. Ila jamani, kukizoea kindege kimoja si sawa na kukubali msururu wa teksi juu ya bati lako kutwa nzima.

Msidhani natunga. Tarehe 16 Mei 1977, New York, helikopta ya abiria ilikuwa juu ya paa la jengo la Pan Am ikipakia watu. Mguu wake mmoja ukavunjika, ikalala ubavu huku panga lake likizunguka. Walikufa watu wanne pale juu, na wa tano alikuwa mwanamke aliyekuwa akipita barabarani, akaangukiwa na kipande cha panga. Yule dada hakuwa na tiketi. Huyo ndiye ninayemzungumzia mimi.

Turudi kwenye hilo neno "mahitaji". Wanaotaka biashara hii watatuambia Dar ina foleni. Kweli ina foleni, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5. Lakini fanyeni hesabu ya darasa la tatu. Basi refu la mwendokasi likijaa linabeba watu 150 hivi. Chombo cha viti viwili kitahitaji safari 75 kuwabeba hao hao. Hapo foleni imepungua wapi? Kitakachotokea ni kigogo wa Masaki kuiruka foleni, na siku akiacha kuiona ndiyo siku atakayoacha kuishughulikia.

Najua kuna watakaonijibu kwamba hata simu za mkononi zilianza na matajiri. Sawa, lakini simu ilishuka bei kwa sababu mnara mmoja unahudumia maelfu kwa wakati mmoja. Chombo cha viti viwili leo kinabeba wawili, na kesho kitabeba wawili. Halafu simu ya tajiri haikuwahi kuning'inia juu ya kichwa cha mtu.

Na bodaboda je? Hizo nazo tulizipokea bila kuulizana. Zilishatapakaa mitaani ndipo kanuni za leseni zikaja mwaka 2010. Siwalaumu vijana wanaoziendesha, wametukwamua wengi. Lakini gharama ya kuanza kwanza na kuuliza baadaye kaiulizeni pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Sasa msije mkasema huyu mwandishi anapinga maendeleo. Sipingi. Nasema mahitaji ya kweli yapo, ila hayako juu ya foleni ya Dar. Yako juu ya maji, huku kwetu. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka bara. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikafuata MV Skagit iliyotoka Dar. Mamia walipotea. Muulize mtu wa Wete mwenye mjamzito aliyezidiwa usiku kama anahitaji chombo cha haraka. Muulize wa milimani Lushoto anayemteremsha mgonjwa hadi Bombo.

Cha ajabu, hata Wazungu wenyewe wamejibu hivyo. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilihoji watu wa miji sita. Asilimia 83 waliliona jambo hili kwa jicho zuri, lakini walichokiunga mkono zaidi ni huduma za dharura na za tiba. Hofu yao ya kwanza ilikuwa usalama, ikifuatiwa na kelele. Na sisi wenyewe tulishaonja: mwaka 2018 droni ya majaribio ilikuwa ikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Sikumbuki kumsikia yeyote akinung'unika kuhusu kelele.

Lakini tazameni kinachouzwa. Chombo kile cha Kigali, kwa maelezo ya watengenezaji wake, kinafika kilomita 30 na kidogo kwa chaji moja. Pemba hakifiki! Kimetengenezwa kwa ajili ya kuruka foleni na kuangalia mandhari.

Kwa hiyo wakija, tuwape masharti. Mosi, wakazi wa chini ya njia wahojiwe kabla ya abiria, kwa mikutano ya mtaa na si kwa semina ya hotelini. Pili, bima imhusu asiye na tiketi. Tatu, leseni ya kwanza iwe ya kubeba wagonjwa, ya tajiri ifuate. Wakikataa hilo la tatu, basi tutajua walikuja kwa ajili ya nani.

Wenye anga ni sisi pia. Mnasemaje?