Je, Yafaa Watumishi Kupanda Milima?



Wahenga walinena kwamba milima haikutani, bali binadamu hukutana. Nasi twapenda kuongeza neno moja juu ya neno lao: wako binadamu wakutanao kwa sababu ya mlima. Twaandika haya kwa kuwa katika mkutano ujao wa chama chetu litaletwa shauri la kutenga sehemu ya fedha za michezo, ili wanachama watakao wapate kufuatana na wapanda milima wa chama kingine katika safari zao. Tumesikia maneno ya wanaolipinga, wala si maneno ya kipumbavu. Tumeyapima, na rai yetu ni hii: shauri likubaliwe, lakini kwa sharti moja, ambalo tutalitaja baada ya kuungama kosa letu wenyewe.

Wapingaji wa kwanza husema, "Mtembezi hula miguu yake." Wataka kujua faida ya mtu kupanda mahali asipolima, asipochunga, wala asipokuwa na jamaa wa kumzuru. Twawajibu kwamba karani naye huliwa, naye huliwa na kiti. Huketi asubuhi, huketi mchana, na jioni hupanda pikipiki ya kukodi hata mlangoni pake. Tazameni ni wangapi miongoni mwetu, wasiotimiza miaka hamsini, wanaomeza dawa za shinikizo la damu na kisukari. Hatusemi mlima ni dawa ya kila ugonjwa, lakini twajua kwamba mwili usiotumiwa huota kutu kama jembe lililosahauliwa mvunguni. Tena kwenda kwa miguu si aibu kwa mtu mwenye cheo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, naye ni Rais wa nchi, alitoka kwao Butiama akaenda kwa miguu hata Mwanza kwenye mkutano wa TANU, mwendo wa zaidi ya maili 100. Wala hakwenda peke yake.

Wapingaji wa pili husema kwamba kupanda milima ni mchezo wa wageni, na kwamba sehemu ya mwenyeji ni kuwachukulia mizigo. Neno hili latuuma, maana lina ukweli ndani yake. Tulipokuwa shule ya misioni tulikariri kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Hatukuambiwa habari za Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyezoea joto, ambaye alikaa nao katika kambi ya juu penye baridi kali, akaitunza kambi ile walipokuwa wakipanda. Bila kambi na moto wake, kilele kingekuwa mbali zaidi. Lakini mambo hayakukoma hapo. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alinena barazani juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, na Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge wa uhuru hata kileleni, meta 5,895. Miaka miwili baadaye Kisoi Munyao akaipeleka bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Basi mlima si wa mgeni. Ni sisi tulioukubali usemi huo, kisha tukakaa chini kuutazama.

Wapingaji wa tatu huuliza habari za fedha, na hapa ndipo ilipo faida ya kwenda kwa chama. Mtu mmoja akikodi gari, hema na kiongozi peke yake, mshahara wa mwezi humwisha njiani. Watu kumi wakichanga, kila mmoja hulipa sehemu yake, sufuria ni moja, na asiye na hema hulala katika hema ya mwenzake. Chama cha Wapanda Milima cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1949, kimedumu kwa desturi hiyo: wanachama hulipa ada, hupanga safari wao kwa wao, hugawana gharama za gari, na mwenye ujuzi humfundisha mgeni bila kudai ujira. Nasi mfano huo twauweza.

Wapingaji wa nne ndio tunaowaheshimu kuliko wote. Hao husema kwamba mlima una hatari. Ni kweli, na sasa tutaeleza kosa letu.

Mwaka jana sisi watumishi saba, wanne wa Musoma, wawili wa Bunda na mmoja wa Butiama, tulialikwa na chama kimoja cha wapanda milima kwenda Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Tulipita Mugumu, tukakata Serengeti, tukafika Loliondo, kisha tukateremka katika Bonde la Ufa hata Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Aliyezoea upepo wa ziwa letu hapa Musoma hawezi kuiwaza nchi ile. Ni nyika kame, vumbi jeupe, miiba, na joto litokalo chini na juu kwa pamoja. Katikati yake mlima umesimama peke yake kama kichuguu kikubwa, kimo chake yapata meta 2,960 juu ya usawa wa bahari. Ni volkano iliyo hai, nayo haina mfano duniani leo, maana lava yake hutoka nyeusi, kisha ikipatwa na unyevu hugeuka nyeupe. Ilipolipuka mwaka 2007 na 2008 ilitupa majivu mbali sana. Mlimani hapana maji wala kivuli, na kwa hiyo watu huanza kupanda usiku wa manane, ili jua lisiwakute katikati ya mteremko.

Jioni ile kiongozi wa chama alitukusanya, akatupa amri mbili. Ya kwanza, kila mtu achukue maji yake mwenyewe, lita nne. Ya pili, mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma, wala mtu haachwi peke yake. Sote tuliitikia kama wanafunzi.

Tuliondoka saa sita usiku, kila mtu na taa yake kichwani. Kwanza njia ilikuwa ya majivu na nyasi, kisha ikawa mwinuko mkali wa mawe laini, mguu ukipanda hatua moja na kurudi nusu. Yapata saa kumi, mzee wetu wa masjala aliketi. Misuli ya miguu ilikuwa imemkaza, hakuweza kuendelea. Mzee huyu ndiye aliyetufundisha wengi wetu kufungua jalada la kwanza tulipoingia kazini, akatuficha makosa yetu ya ujana mbele ya wakubwa. Sisi wenzake wa ofisi moja tulisimama, tukamtazama, kisha tukatazama juu. Tulikuwa tumetoka mbali, na tulitaka kuona jua likichomoza tukiwa kileleni.

Hapo mwanamke mmoja wa chama kile, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hakumjua mzee wetu ila tangu jana yake, aliweka mzigo wake chini akasema, "Nendeni, mimi nitakaa naye." Kiongozi mmoja wa Kimasai akabaki pamoja nao. Wala hapana hata mmoja wetu aliyesema, "La, huyu ni wetu, tutakaa sisi." Tulishukuru upesi upesi, tukaenda. Moyoni tulifurahi, na furaha hiyo ndiyo aibu yetu.

Jua tuliliona. Tuliona Ziwa Natron likimetameta, na milima ya Ngorongoro nyuma yetu. Hatutasema kwamba haikuwa nzuri. Lakini tuliposhuka tulimkuta mzee amefunikwa shuka ya yule mwalimu, naye mwalimu amejikunyata kwa baridi, wakizungumza habari za shule. Mzee hakutulaumu. Alituuliza tu, "Jua lilichomozaje?" Tukamweleza kwa maneno machache, maana maneno mengi hayakupatikana.

Twajua wako watakaosema, "Kwani alipatwa na nini? Hakuwa peke yake, tena alirudi salama." Ndiyo, alirudi salama, lakini si kwa sababu yetu. Amri ya chama kile ilimlinda, na mgeni ndiye aliyeitimiza. Tumeitwa wenzake kwa miaka mingi, tumekula naye, tumechanga naye katika misiba, na mara moja tu tulipoombwa kupoteza kitu kwa ajili yake, tuliona ni kitu kikubwa mno. Kama Mwini Amani angalikuwa na moyo wetu wa usiku ule, sijui kambi ya juu ingalitunzwa na nani.

Basi sharti letu ni hili. Atakayekwenda kwa fedha za chama aahidi mbele ya mkutano kwamba hatamwacha mwenzake. Kwamba kundi likipaswa kurudi litarudi, hata kilele kikiwa kimeonekana. Na kwamba mlimani cheo cha ofisini hakina amri, bali tarishi akiwa ndiye mwenye kuijua njia, mkuu wa idara atamfuata tarishi. Asiyeweza kuahidi hayo abaki nyumbani, na fedha zake zinunue mpira.

Tena tusianze na milima ya mbali. Iko milima karibu nasi. Juu ya Balili, hapo Bunda, mtu huliona ziwa upande mmoja na mbuga za Serengeti upande wa pili, naye hurudi nyumbani kabla ya jua kuchwa. Twaomba safari ya kwanza iwe huko, siku ya Jumamosi, kwa watumishi wote na jamaa zao, tukajifunze mwendo wa aliye nyuma mahali ambapo kosa halimgharimu mtu uhai. Wakiisha kujifunza, ndipo waende na chama kikubwa Lengai au Hanang au Meru, nao hawatatutia haya.

Mzee wetu wa masjala amekwisha kutoa jina lake kwa safari ya Balili, naye ndiye wa kwanza katika orodha. Alipoliandika aliuliza jambo moja tu: ni nani atakayekaa nyuma ya wote? Tumejiandikisha sisi.

Wenu katika utumishi.