Hopitali Yetu Imezeeka, Feza ya Kujenga Iko Wapi?



Mama mumoja wa kwaya ametuuliza hivi: "Hopitali yetu ya mugini, malata imetoboka. Mvua ikinyesha, wanawake wenye kuzaa wanasukuma vitanda pembeni ili maji isifikie watoto. Sasa kanisa linataka kukusanya muchango tujenge ingine mupya. Ni vizuri?"

Mama, jibu langu iko mbili. Kuziba malata, ndiyo, hata kesho, sababu mutoto hawezi kungojea karatasi za wakubwa. Lakini kujenga hopitali nzima kwa sadaka ya watu wenye kulima muhogo, hapana. Feza ya kazi ile iko, na ni ya watu wote.

Sisi watu wa migodi tumezoea vibaya. Union Minière, na kisha Gécamines, ilitoa hopitali, masomo na posho. Lakini ilitoa kwa watumishi wake na jamaa zao. Mulimaji wa mugini alibaki na nyumba ya wakati wa Wabelgiji, njo ile ile inavuja leo. Kisha mugodi wa Kamoto ukaanguka 1990, na mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi ya Gécamines kwa ule mupango ulioitwa "départs volontaires". Na bado tunaangalia kampani sawa baba mwenye kurudi na posho. Ikileta ambulansi moja, tunapiga vigelegele, wanapiga picha, kila mutu anarudi kwake. Hakuna mwenye kuuliza hesabu ya zawadi.

Basi tuone sheria inasema nini. Code minier ya 2002 iligeuzwa mwaka 2018. Kampani yenye kuchimba inalipa Serikali redevance: kwa shaba, dola 3.5 katika kila dola 100 za bei ya madini. Kwa cobalt, dola 10, tangu ilipowekwa kati ya madini ya "stratejike" mwisho wa 2018. Redevance ile inakatwa vipande vine. Katika kila dola 100, 50 ni za Serikali ya Kinshasa, 25 za provinsi, 10 za mufuko wa vizazi vyenye kuja. Na 15 ni za usultani, sekta, komini ao muji wenyewe ambamo mugodi iko. Hizi 15 hazina lazima ya kupita Kinshasa. Kampani inazilipa moja kwa moja kule chini.

Tena, kando ya ile, kampani inapaswa kutoa hata kidogo dola 3 katika kila dola 1,000 za mauzo yake kwa ajili ya kazi za maendeleo ya watu wenye kukaa karibu. Mufuko huo unaongozwa na kampani pamoja na watu wa migini. Ni nani anaikaa pale kwa jina lenu? Ulizeni, na musikubali jibu la "tutaona".

Kama mugini wenu uko inje ya usultani, sekta ao komini yenye mugodi, zile 15 haziwahusu. Kwenu mulango ni wa provinsi, ao ule mupango wa Serikali kwa territoire 145, wenye kujenga vituo vya afya na masomo. Angalisho: kituo cha afya si hopitali. Hapo hakuna kupasua mugonjwa.

Sasa barua. Nyingi nilizoona zinaanza na salamu kurasa mbili na zinamaliza na machozi. Mukubwa anasoma, anasikitika, anaweka chini. Andikeni hesabu: mwaka jana wanawake wangapi walizaa pale, wangapi walibebwa kwa kinga ao pikipiki kwenda hopitali ingine, kilometa ngapi, wangapi walifia njiani. Hesabu hizo ziko katika kitabu cha wauguzi. Vijana wenye kujua kuhesabu, hiyo ni kazi yenu. Mupeleke barua kwa chefu wa sekta mbele bajeti ya mwaka haijapigwa muhuri, na mubaki na kopi yenye sinyatire ya mwenye kuipokea.

Mbele ya tofali ya kwanza, muulize tena kama kiwanja hakiko ndani ya karé ya kampani. Ikiwa ndani, siku moja watakuja kuwahamisha pamoja na hopitali yenu.

Na munganga mukubwa wa zone de santé aingie katika shauri tangu mwanzo, si siku ya kukata kamba. Mimi mwenyewe niliingia katika sekta moja, nikaona nyumba muzuri, rangi mupya, malata ya buluu inang'aa. Ndani, mbuzi tatu. Walijenga, lakini hakuna aliyeandika hopitali ile kwenye hesabu ya zone, kwa hiyo hakuna munganga aliyetumwa, wala dawa, wala maji. Mwanamuke mwenye mimba alikuwa amelala chini ya muti inje, anangojea pikipiki. Mulinzi alikuwa na funguo mufukoni. Aliniambia hawezi kufungua, hakuna ndani mutu wa kumupokea.

Mama wa kwaya, muchango wenu muutumie hivi: mununue malata kumi kwa chumba cha kuzalia, na inayobaki ilipe njia ya watu watatu kwenda biro ya sekta. Mumoja awe mwanamuke aliyezaa pale wakati wa mvua. Mutuandikie walijibiwa nini, na tarehe gani.