Cheti cha Dawa cha Rudolf Virchow

Anayemkumbuka Rudolf Virchow leo humkumbuka kwa seli. Kitabu chake cha 1858 kiliwafundisha madaktari kuutafuta ugonjwa ndani ya seli, na kwamba kila seli huzaliwa na seli. Toleo hili la afya ya umma linamtaka Virchow wa miaka kumi kabla yake: kijana wa miaka 26 ambaye serikali ya Prussia ilimtuma Silesia ya Juu, Februari 1848, kuchunguza mlipuko wa homa ya chawa.

Alikaa huko kama wiki tatu. Aliwakuta wakulima na vibarua, wengi wao Wapolandi, waliokwisha kudhoofishwa na njaa kabla homa haijawafikia. Waliomtuma walitaka taarifa ya kitabibu. Aliwaandikia cheti ambacho hakuna duka la dawa lingekifungasha: shule kwa Kipolandi, barabara, kodi iwaondokee maskini, wananchi wajitawale. Kwamba chawa ndiye msambazaji wa homa ile hakujua, wala hakuna aliyejua. Hilo lilithibitishwa 1909. Lakini dawa aliyoandika ilikuwa sahihi, na hapo ndipo ubishi wetu ulipo.

Machi mwaka huohuo alikuwa barabarani Berlin pamoja na wanamapinduzi. Mwaka uliofuata siasa zilimponza kazini, akaenda Würzburg kuwa profesa, hadi Berlin ilipomrudisha 1856. Akaingia baraza la jiji, kisha bunge, akipigania mifereji ya majitaka na ukaguzi wa nyama. Alimuudhi Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, kiasi cha kuitwa naye wapigane kwa silaha mwaka 1865, akakataa.

Tusimpake mafuta. Mtu huyu aliyeiona njaa nyuma ya homa alikuwa mzito kukubali kwamba kimelea kidogo chaweza kuwa chanzo cha maradhi makubwa, hata daktari Robert Koch alipotangaza kimelea cha kifua kikuu, 1882, mjini kwake Berlin. Nadhani aliogopa serikali zipate kisingizio: kamata kimelea, uache umaskini.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, waliokunywa maji ya mto Elbe bila kuchujwa. Altona, mji jirani uliochuja maji ya mto huohuo, uliumia kidogo tu. Kimelea cha kipindupindu Koch alikuwa amekieleza tangu 1884. Wakubwa wa Hamburg walikuwa wamepoteza miaka wakibishana nani alipie machujio.